Bibi hakufika harusini, ikabidi nimpelekee harusi Mnyambe

Wakubwa wa humu shikamooni, rika langu mambo vipi wakuu. Haya nimeyaona mwenyewe, chumvi sijatia.

Mimi napenda kuandika stori. Shule yangu ya kuungaunga, ila ndoto ninazo tele. Tatizo kila nikianzisha uzi mnapita kimya kama msibani. Sasa nimejua kwa nini, na aliyenifundisha hata kuwasha simu hajui.

Dada yangu kaolewa Masasi. Aliyemlea ni bibi yetu, yuko Mnyambe, Newala. Macho hayaoni tena na mguu umevimba, safari ikamshinda.

Huku kwetu bi harusi akitoka ndani hutandikiwa kanga za ndugu na jamaa mpaka kwenye gari, apite juu yake. Bibi akanipa yake kuukuu, ile aliyombebea dada mgongoni.

Nimerudi, namkuta barazani anabangua korosho kwa kupapasa.

"Haya mume wangu, nipe harusi."

"Bibi, ilikuwa nzuri mno! Watu walijaa, tulifurahi balaa!"

"Hata ya jirani ilikuwa nzuri. Nimetuma macho, umerudi na mdomo tu."

Nikacheka. Ila mkono wake ulikuwa umesimama juu ya korosho. Kumbe alitaka kujua kitu kimoja: mtoto kamkumbuka?

Nikaanza upya, taratibu.

"Kanga za watu zote mpya, Bibi. Yako ya mwisho, karibu na gari, imepauka, na kile kiraka. Shangazi akataka kuiondoa, eti inaharibu picha. Dada akamwambia, 'Shangazi, iache hapo.' Akavua viatu. Za wenzako kapita na viatu. Yako kapita peku."

"Peku?"

"Peku. Kisha akaiokota, akajifunga kiunoni juu ya gauni, akapanda nayo gari."

Bibi akajifuta macho kwa pindo la kanga aliyojifunga.

"Mjinga huyo! Na gauni lenyewe la kukodi!"

Akacheka mpaka korosho zikamwagika. Halafu akasema polepole, "Haya. Sasa na mimi nimefika."

Wakuu, "nzuri sana" haionyeshi kitu. Kiraka kinaonyesha. Andika kama unamsimulia mtu aliyetamani kuwepo akashindwa.

Asante sana Bibi wangu.

Na wewe, kitu gani kidogo ulichokiona siku kubwa hakijakutoka mpaka leo? Kiweke hapa chini. Jioni nitamsomea, na onyo: akisikia "tulifurahi sana" ananinyang'anya kiti.