Stendi ya Sigara Dukani kwa Mama Kulwa

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa fulana, mfuko wa mabango na futi kamba kama ya fundi cherehani. Nilidhani futi ni ya kupimia mabango. Kumbe tulipima kimo cha macho ya watu.

Msimamizi wetu wa mauzo pale Kahama alikuwa fundi, na nitamsifu hata kama bado ananitia hasira. Akipita mtaa mara moja tu, anajua sigara ikae wapi. Upande wa Buzwagi, kwa watu wa mishahara, tulipanga pakiti nzima ndani ya kioo, bango hakuna. "Mwenye hela hapendi kuitwa," alisema. Kwenye machimbo ya Geita, wanakonunua moja moja, tulifunga kiberiti cha gesi kwa kamba mlangoni. Mchimbaji akija kuwasha, anaondoka na nyingine. Kule Didia tulibandika mabango siku ya mnada wa ng'ombe. Ila kwenye mitaa ya familia, stendi, yaani ile rafu ndogo ya kupangia pakiti, ilikaa kaunta, jirani na kopo la pipi.

"Kwa nini pipi, bosi?"

"Kila mtu anaangalia pipi, Mama Neema. Maswali ya shule yaache shuleni."

Nikapanga maduka mengi hivyo hivyo. Na kazi niliiweza, sikatai.

Kisha nikapangiwa Nyahanga, mtaani kwangu. Kwa Mama Kulwa ndiko ninakomtuma mwanangu Neema chumvi. Niliweka stendi yangu kaunta. Wiki iliyofuata nikaikuta rafu ya juu kabisa, kando ya sumu ya panya.

"Shikamoo, mama. Bosi anakuja kukagua leo. Ishushe, nitafukuzwa kazi."

"Marahaba, mayu." Aliniita mama kwa Kisukuma kama kawaida yake, akaishusha mpaka kaunta. "Haya, chuchumaa."

"Nichuchumae?"

"Kidato cha nne umemaliza, kuchuchumaa kunakushinda?"

Nikachuchumaa. Pakiti zilinikodolea usoni, pipi ubavuni.

"Hicho ndicho kimo cha Neema. Kabla sijaipandisha aliniuliza zile nyekundu zina ladha gani."

Nikasimama, nikairudisha juu kwa mkono wangu. Msimamizi alipofika hakuhitaji futi.

"Nani kaiweka huko?"

"Mimi."

"Vua fulana."

Ndivyo nilivyostaafu, nina miaka ishirini na sita. Mama Kulwa hakufundishwa mauzo na mtu, lakini alimjua mteja wake mfupi kuliko wote. Fundi hasa ni yule mama. Ninyi mnaoanza kazi hii, mkimaliza kupanga duka, chuchumaeni.

Futi, msimamizi alisahau kuidai. Nampimia Neema kimo ukutani. Bado yuko chini sana ya sumu ya panya.