Kwenda Ubundu Kujifunza Sindano ya Mbavu

Niliondoka Kisangani kwa ajili ya tonton Radjabu, mdogo wa baba yangu. Figo yake moja ilikuwa imeharibiwa na mawe, na daktari wetu angeitoa Ijumaa. Kumlaza usingizi halikuwa tatizo. Tulihofia maumivu ya baadaye: kifua chake kilikuwa kibovu, na asiyeweza kukohoa huuawa na makohozi. Mimi, muuguzi wa usingizi, nilizoea sindano ya uti wa mgongo. Daktari alinituma kwa papa Asumani, muuguzi mzee wa Ubundu anayetia ganzi mbavuni, nilinganishe. Nilikwenda na kiburi changu: daftari langu lilionyesha wagonjwa wangu wote hawaumii.

Jumatatu alfajiri nilivuka mto hadi Lubunga kupanda treni. Ilisimama kila kituo kama mtu anayesalimia wakwe. Jioni papa Asumani alinipokea kwa lituma, ndizi za kupondwa, na samaki.

Jumanne asubuhi alinifundisha: sindano iguse mfupa wa ubavu kwanza, kisha iteleze chini yake kidogo tu, ukizidisha, umetoboa pafu. Nikamwonyesha daftari. Akacheka, akauliza nilimwuliza nani kama kuna maumivu. Wagonjwa wenyewe, nikajibu.

“Bon, citoyen. Wewe iko na blouse nyeupe ya hospitali, mugonjwa gani atakuambia anaumia? Ni heshima. Uliza mama mwenye kulala chini, pembeni ya kitanda.”

Tulimwuliza mke wa mtu aliyetolewa figo siku mbili kabla, kwa ganzi ile ya mbavuni. Alisema mumewe alikohoa, akajigeuza mwenyewe, akaomba uji. Nikawakumbuka wake za wagonjwa wangu, macho mekundu asubuhi, nami nawapita bila neno. Niliona aibu sana.

Jumatano treni ilinirudisha. Ijumaa, tonton akiwa amelala, nilimchoma mbavuni, nikiogopa kila ubavu.

Jumamosi asubuhi nilimwuliza hali. “Haiumi, mutoto wangu,” akasema. Sikuandika. Nikamgeukia mkewe, tantine Zaina, aliyekuwa anakunja mkeka wake. Akasema usiku mumewe alikohoa vizuri, akalala. Ila tangu alfajiri anang'ata shuka asilie.

“Zaina, unanishitaki kwa mutoto?” tonton akanung'unika.

Ganzi ilikuwa imeisha; nikarudia sindano. Baada ya nusu saa alikohoa kwa nguvu, akatema, akadai chai. Nilifurahi.

Jioni nilifungua daftari la zamani, nikafuta kila palipoandikwa “haiumi”. Hapakubaki kitu.