Niliruka Kipimo cha Vavu Kwenye Gari la Mzee Bonifasi

Nimekosa, na kosa langu nusura liue watu wawili wanaoniita mwanangu. Jina sitalitaja. Wa Biharamulo mtanijua tu, maana mafundi magari wanawake huku tunahesabika.

Mzee Bonifasi wa Murusagamba ana pikapu ya petroli aliyoinunua ujanani. Ndiyo iliyowapeleka kanisani yeye na mkewe, Mama Konsolata, siku ya ndoa yao. Ilikuwa imelala miaka mingi chini ya turubai, injini imekufa. Alipochumbiwa binti yao wa mwisho, Adela, mzee akataka naye aende kanisani kwa gari lilelile. Akalileta likivutwa mpaka gereji kwangu.

"Mwanangu," akaniambia, "naomba unifufulie huyu."

Nikaishusha injini yote. Pistoni za asili hazipatikani tena, nikapata za gari jingine. Ziliingia vizuri kwenye silinda, ila vichwa vyake vilikuwa vimeinuka kidogo. Silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, nayo ilikuwa imepinda, ikabidi isagwe kwa mashine ili inyooke, ikapungua unene. Kwa mambo hayo mawili vavu, vile vizibo vya chuma vinavyofunguka na kufunga juu ya silinda, zikawa zimesogea karibu na pistoni kuliko zamani. Zikija kugusana gari likiwa kwenye kasi, injini imekwisha.

Kipimo chake nakijua, nilifundishwa. Unabandika udongo laini, kama ule wa kuchezea watoto, juu ya pistoni. Unafunga silinda hedi na gasketi yake, unaizungusha injini kwa mkono, kisha unafungua tena na kupima unene wa udongo pale vavu ilipokandamiza. Ukiukuta umebaki mwembamba mno, injini hiyo usiikabidhi kwa mtu.

Mimi sikupima.

Harusi ilikuwa imekaribia. Niliizungusha injini kwa mkono, haikugonga popote, nikajiambia mbona iko sawa. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba mafundi wanaume wa jirani walikuwa wanapitapita kuangalia kama mwanamke ataweza. Niliona aibu wanikute naifungua tena injini niliyokwisha kuifunga.

Ikawaka. Mzee alitoa leso akafuta macho. Akaniomba niwasindikize mpaka nyumbani, yeye na mkewe aliyekuja naye, nami niwe mgeni wa harusi.

Tulikaa watatu kiti cha mbele, mzee kwenye usukani, mimi katikati, Mama Konsolata mlangoni. Kwenye lami ilikwenda vizuri mpaka tukapita Kasulo. Baadaye, tulipoiacha lami tukaanza kupanda na kushuka vilima, nikasikia tik, tik, tik, chini ya boneti.

Vavu zilikuwa zinagusa pistoni. Mlio ule sikuhitaji kuuliza.

"Mwanangu, hicho kinacholia ni nini?" mzee akauliza.

"Tapeti tu, baba. Zitatulia."

Tukaenda kidogo. Akapunguza mwendo, akatega sikio. "Bado zinalia."

"Injini mpya, baba. Inajizoeza."

Mama Konsolata akacheka. "Fundi kashasema, wewe endesha. Ndizi za pombe ya harusi zinatusubiri."

Ningesema simama, tungesimama. Kila kilima tulichokivuka nilimwomba Mungu kiwe cha mwisho.

Tukafika kwenye mteremko mkali, bonde liko kulia. Mzee akarudisha gia ndogo ili injini ilishikilie gari, kama afanyavyo dereva yeyote mzoefu. Injini ikapanda mlio. Kisha paa! Kama nyundo juu ya chuma. Ikafunga papo hapo, magurudumu ya nyuma nayo yakafunga, pikapu ikaanza kuteleza ubavu kuelekea bondeni.

"Kanyaga klachi, baba! Kanyaga klachi!"

Akakanyaga. Magurudumu yakaachia, akauvuta usukani kwa nguvu zake zote, tukajigonga kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Upande wa Mama Konsolata.

Mguu wake ulivunjika. Adela aliolewa mama yake akiwa kitandani hospitalini.

Sasa sikilizeni ubaya wangu ulipofika. Mzee aliwaambia watu wote kwamba kosa ni lake, kwamba aliitupa gia ndogo kwa pupa akaiua injini. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nikanyamaza. Akaongeza, "Bila huyu binti tungekuwa chini bondeni." Ndugu zake wakanishika mikono wakinishukuru.

Gari liliporudishwa gereji nikafungua injini peke yangu. Pistoni zilikuwa na alama za vavu, mfano wa mwezi mchanga, na moja ilikuwa imetobolewa kabisa. Nikazitupa chooni.

Tangu hapo sikuwa na amani. Simu ikilia nashtuka, nadhani wamejua. Gari la mteja likiwashwa, natoka nje ya gereji. Kisha Adela akanipigia, bila kujua kwamba mwenye kosa ni mimi, akaniambia wazazi wake hawasemeshani. Mama anatembea kwa fimbo na anamlaumu mzee. Mzee ameapa hatashika usukani tena.

Wiki iliyopita nilikwenda Murusagamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, mama yako yuko ndani."

Nilimwambia pale pale uani kabla sijakaa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaita, "Mama Konsolata, njoo usikie." Akanitaka nirudie yote, tangu mwanzo. Nikarudia huku naiangalia fimbo ya Mama.

Mama alimgeukia mumewe akamtazama, kisha akakaa karibu naye kwenye benchi.

Mzee ndiye aliyesema. "Nilikuuliza mara mbili."

"Ndiyo, baba."

"Mara mbili, na mke wangu yuko mlangoni."

Akaniambia niende, atanipigia akiwa tayari kuniona. Mpaka leo hajapiga. Simu bado inanitisha, ila sasa naiogopa isipolia.

Fundi mwenzangu, kama kuna kipimo umekiruka kwenye gari la mtu, usiangalie nani atakucheka. Mpigie sasa hivi, kabla hajawasha.