Tarumbeta la Besi na Barafu ya Ubuyu

Jumapili ya Mitende mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, niliteleza kwenye njia ya migombani nikaliangukia tarumbeta la besi la usharika wetu. Mimi sikuumia, namshukuru Mungu. Lakini kile kipande kidogo cha shaba cha kupulizia kilipinda ukingo, kikazama ndani ya bomba, kikanasa. Kipulizio cha akiba tulikuwa nacho kabatini kanisani. Tatizo ni kwamba kilichonasa kilikataa kutoka.

Sisi Walutheri wa huku mlimani hupiga tarumbeta makaburini alfajiri ya Pasaka, kabla jua halijachomoza. Bila besi tungesikika kama mbuzi wenye njaa. Usharika wa jirani ulikuwa na besi yake, na mpigaji wao alipopata habari alinipitia nyumbani.

"Mzee mwenzangu, nasikia umelilalia tarumbeta la Bwana. Wala usihangaike, Pasaka nitakuja kuwapigia mimi."

Nilimshukuru kwa upole. Alipotoka tu, nikaenda kwa kiongozi wetu wa tarumbeta: tulitoe wenyewe kabla ya Pasaka.

Tulivuta. Mimi nilikumbatia tarumbeta, kiongozi wetu akashika koleo, wengine wakamshika kiunoni. Tukaanguka wote, kipulizio kikabaki palepale. Tukalibana kwenye jiliwa, kibanio cha chuma cha fundi baiskeli, tukapata mkwaruzo mrefu tu.

Jumatano nikashuka Moshi mjini, kwenye duka la kompyuta ambako niliambiwa mtu anaandika swali na dunia nzima inamtafutia jibu. Binti mwenye duka akanipokea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu."

Akanionyesha kisanduku cheupe katika kioo. "Andika hapa unachotafuta, kisha bonyeza hapa."

Kwetu mtu haombi kitu kabla ya kusalimu. Nikaandika kwa kidole kimoja: Bwana asifiwe. Sisi ni wapiga tarumbeta wa usharika mmoja wa Hai, hatujambo wote, ila tumepatwa na jambo. Nikaeleza jambo lenyewe tangu kuteleza, nikashukuru mapema, nikabonyeza.

Yakaja mahubiri marefu ya Kiswahili, juu ya unyenyekevu. Nikayasoma. Nilikuwa nimefika sehemu ya tatu binti aliporudi.

"Babu, umepata?"

"Nimepata mahubiri."

"Ndiyo uliyokuwa unatafuta?"

"Hapana. Natafuta namna ya kutoa kipulizio kilichonasa kwenye tarumbeta."

"Sasa mbona unayasoma?"

"Nimeomba, nimepewa. Nitayaachaje katikati?"

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaandika maneno manne ya Kiingereza, bila hata salamu. Nilitaka kumwonya, lakini majibu yalikuwa yameshafika. Fundi mmoja wa ng'ambo alikuwa ameeleza yote, na Kiingereza changu cha ualimu kilitosha kumwelewa. Usitumie koleo. Usibane kwenye jiliwa. Msivutane.

Nikamwambia binti kwamba yote matatu tulishayafanya.

"Huyu alikuwa amejificha migombani kwenu anawachungulia," akasema.

Dawa yake ilikuwa rahisi: lipashe bomba joto kwa kitambaa cha maji moto, kipoze kipulizio kwa barafu, kisha gongagonga taratibu.

Barafu tunaiona kila asubuhi juu ya Kibo, ila kijijini kwetu friji haikuwapo hata moja. Wakati wa kurudi nikashuka kwenye gari pale Kwa Sadala, nikanunua kwa mama mmoja barafu za ubuyu za watoto, zile za kwenye vifuko. Nikazifunga kwa magazeti na sweta langu, nikapanda nazo mlima kwa haraka ambayo umri wangu haukuizoea. Tukapasha, tukapoza, kiongozi akagonga kwa mwiko. Kipulizio kikadondoka chenyewe kama jino la mtoto, chekundu kwa ubuyu.

Alfajiri ya Pasaka yule jirani alitokea makaburini, tarumbeta mgongoni, amevuka bonde gizani. Akaliona la kwangu.

"Kumbe limepona," akasema.

"Limepona."

Akaanza kurekebisha mkanda wa begani ili arudi. Nikajiona nimeshinda, na ushindi ule haukunipendeza kama nilivyotarajia. Nikasogea kando, nikamwonyesha nafasi karibu yangu.

"Njoo, mzee mwenzangu. Umeshapanda."

Tukapiga besi mbili pamoja na matarumbeta madogo matano. Sauti ya kwanza haikusikika kabisa, na waimbaji walinung'unika mpaka Pentekoste. Lakini ya nne, ile ya besi, naamini, iliwafikia hata waliolala.