Jivu Likielekea Kaskazini

Nakumbuka asubuhi ile ya Oktoba hapa Matinyani, mwanangu, nikiwa na mwaka mmoja tu wa ndoa. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na majirani wote walikuwa shambani. Nikashusha vibuyu vya mbegu vilivyoning'inia juu ya moto ili moshi ufukuze wadudu, vya ndengu, kunde na mbaazi. Nilishusha vyote.

Mama mkwe hata hakutazama mawingu. Alichota jivu mekoni, akatoka nje, akaliachia. Likapeperuka kuelekea kaskazini.

"Upepo bado ni wa kusini," akasema. "Hii mvua inatudanganya. Panda nusu."

"Lakini mama, dalili ya mvua ni mawingu," nikamjibu. Nilikuwa na mdomo, mimi. Alipoenda kanisani, nikapanda zote.

Mbegu ziliota vizuri, kisha jua likaziunguza. Kila asubuhi nilirusha jivu kwa siri, na kila asubuhi likaenda kulekule. Nilikuwa na mtoto mgongoni.

Kisha siku moja upepo ukageuka. Mvua yenyewe ikapiga mabati mchana kutwa, nami nimesimama jikoni na vibuyu vitupu. Sijawahi kuogopa mvua kama siku ile.

Mama mkwe hakunigombeza. Alitembea hadi kwao, akarudi na mbegu kidogo kwenye pindo la leso. Mavuno yalikuwa haba. Msimu wote ule, nikipakua chakula, alisema ameshiba. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Alikonda hadi pete ikamtoka kidoleni.

Sasa naona umeshusha vibuyu, na hofu ile imenirudia. Jua likivuka juu yetu kwenda kusini, upepo wa kusini huchoka, na wa kaskazini mashariki huingia. Hapo pepo zinapokutana ndipo unyevu wa bahari hupanda juu ukawa mvua. Siku hizi bahari ina joto lisiloeleweka, na pepo zinachelewa hata kuliko zamani. Sikiliza utabiri kwenye simu, sikukatazi. Lakini pia toka nje na jivu. Panda nusu, mwanangu, nusu nyingine irudi juu ya moto, hata majirani wakikucheka.

Mungu akuletee mvua na upepo wake. Na nyumbani mwako asiwepo mtu wa kusema ameshiba kabla hajala.