Profesa Saa Sita

Pale chuoni ukimuulizia kwa jina lililo kwenye vyeti vyake, watu wangekukodolea macho. Ukisema Profesa Saa Sita, hata mfagiaji angekuonyesha njia: ghorofa ya tatu, mwisho wa korido, mlango wenye karatasi iliyogeuka rangi ya chai. NIKO NDANI. USIGONGE. Karatasi hiyo ilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, na nijuavyo mimi iliheshimiwa kuliko sheria nyingi.

Jina lile hakulipata bure. Alirudi kutoka masomoni ughaibuni na shahada ya tatu na sanduku la vitabu, akakuta idara ina kompyuta moja, nayo mbovu. Mwingine angegeuza na ndege ileile. Yeye akashika chaki. Akawafanya wanafunzi ndio wawe kompyuta: huyu kumbukumbu, kazi yake kushika kadi, huyu wa kujumlisha, yule mrefu wa nyuma wa kupokea jibu na kulisoma kwa sauti. Programu ikiwa na kosa, darasa zima lilijikuta linazunguka madawati bila kikomo, kadi zinapita mikono ileile, mpaka mtu acheke. Waliosoma kwake enzi hizo wanasema hawajawahi kufundishwa vile tena.

Mashine zilipofika, zilikuja na saa zao. Sisi tukisema saa nane mchana tunajua tunasema nini. Mashine ukiiandikia nane inaelewa asubuhi na mapema, wakati watu bado wanapiga mswaki. Mitihani ya mchana ikawa inaandikwa asubuhi kwenye ratiba, wanafunzi wanafika ukumbini na kukuta milango imefungwa, au wanafika mtihani umekwisha. Wakuu wakasema makarani wapelekwe mafunzo. Profesa, wakati huo mhadhiri tu mwenye nywele zake zote, akasema mashine ndiyo ipelekwe mafunzo, maana mgeni ndiye hujifunza lugha ya mwenyeji.

Akajifungia maabara wiki tatu. Alichotoka nacho ni mistari kumi na minne ya programu iliyorekebisha zile saa sita za tofauti. Ukiandika nane, mfumo ulijua ni mchana, kwani hakuna mwenye akili timamu anayefanya mtihani saa nane za usiku. Juu ya mistari ile aliandika maneno mawili kwa ajili ya mafundi watakaokuja baadaye: Tafadhali, usifute.

Baada ya hapo alipanda ngazi zote, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa kamili. Aliandika makala arobaini na moja, nyingine zilisomwa na watu wanne, yeye akiwa mmoja wao. Lakini sifa zake zote zilibaki palepale kwenye zile saa sita, ndizo zilizompa jina.

Sasa niseme lile ambalo halikuandikwa kwenye wasifu wake. Katika zile wiki tatu za maabara, binti yake wa pekee, mwenye miaka tisa, alifunga shule ya bweni. Baba alimwahidi kumfuata saa sita. Mtoto akaketi juu ya sanduku lake la bati getini, viatu vimepigwa kiwi. Wenzake wakachukuliwa mmoja mmoja. Saa sita ikapita, saa nane, saa kumi. Baba yuko mbele ya kioo cha kompyuta anaifundisha mashine kusoma saa. Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, na walimsema yeye. Alifika jua limekuchwa, akamkuta mtoto na mlinzi wa shule wanakula mkate. Mtoto hakulia. Aliuliza tu kama sanduku litaingia kwenye gari.

Mama yake ndiye aliyelia, siku nyingine, kwa mambo yaliyofanana na hilo, kisha akafunga virago na kuondoka na binti. Miaka ikaenda. Mama akafariki. Binti akawa muuguzi katika hospitali ya mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa basi. Yeye na baba yake walipigiana simu sikukuu hadi sikukuu, wakaulizana afya, wakaambiana mvua imenyesha au haijanyesha. Profesa aliishi peke yake katika nyumba ya chuo yenye viti sita na kikombe kimoja kilichotumika. Mpweke alikuwa, na alijua, na hakuwa na wa kumwambia.

Alipofika umri wa kustaafu, chuo kikampangia mhadhara wa kuaga. Huo ndio uliomuamsha. Alikaa mwezi mzima akiuandika. Kurasa kumi na tisa zilikuwa za kompyuta, lakini ukurasa wa ishirini ulikuwa wa mtu mmoja. Humo aliandika habari ya mtoto na sanduku la bati, na mwishoni neno ambalo hakuwahi kulitamka nyumbani kwake: samahani. Kulisema kwenye simu alishindwa. Aliona mbele ya watu angeweza, kwa sababu mbele ya watu ndipo alipozoea kusema.

Katibu muhtasi wa idara alibandika matangazo ubaoni: saa nane mchana, ukumbi mkubwa. Wageni wa nje walialikwa kwa mfumo wa chuo. Orodha ya wageni wa nje ya profesa ilikuwa na mtu mmoja. Akaandika tarehe, akaandika nane kama alivyoandika miaka yote, akatuma. Kesho yake likaja jibu: Nitakuja. Neno moja, lakini alilisoma mpaka akalijua kwa moyo, kana kwamba ni refu.

Siku yenyewe alifika ofisini alfajiri. Akavaa koti, akalivua, akalivaa tena. Akazima simu asije akasumbuliwa, akafunga mlango wenye karatasi yake, akaanza kujisomea ukurasa wa ishirini kwa sauti. Kila akifika kwenye neno lile, alirudi mwanzo. Alirudia asubuhi nzima. Hakula.

Saa nane ukumbi wenye viti mia mbili ulikuwa na watu kumi na tisa. Katika mstari wa mbele aliacha kiti kimoja chenye karatasi: MGENI. Mtu huyu ambaye hakuwahi kuchelewesha kipindi hata kwa dakika alisimama pale akipanga na kupangua kurasa, akatazama mlango, akanywa maji, akatazama mlango. Mkuu wa idara akakohoa. Basi akaanza. Wanasema alifundisha vizuri, akawachekesha kwa habari za kadi na madawati. Alipofika ukurasa wa kumi na tisa akatazama kile kiti, akakunja ukurasa wa mwisho, akautia mfukoni. Akashukuru, wakampigia makofi, wakampa saa ya ukutani. Ndiyo, saa.

Alikuwa anatoka getini na saa yake kwapani pale mlinzi, mzee mwenzake, alipompa pole na hongera kwa pamoja. Kisha mlinzi akasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba asubuhi alikuja dada mmoja kumuulizia.

"Dada gani?"

"Simjui, Profesa. Amevaa sare za hospitali, na macho ya mtu ambaye hajalala. Alifika kabla hata ya saa mbili. Akasema amealikwa kwenye mhadhara, nami saa yake sikuijua, nikamfungulia ukumbi, akakaa mstari wa mbele. Nikamwambia uko juu."

"Kwa nini hakupanda?"

Mlinzi akatazama chini. Akasema alipanda. Alipanda hadi ghorofa ya tatu, akashuka. Alipomuuliza kama amemwona profesa, dada alijibu kwamba amemsikia anasoma, lakini mlangoni pameandikwa usigonge. Alipiga simu, ikawa haipatikani. Akarudi kukaa ukumbini. Saa tano akasema anawahi basi kwa sababu jioni ana zamu.

Profesa akageuka. Alirudi juu akafungua mfumo wa chuo, akatafuta ile mistari kumi na minne. Haikuwepo. Fundi mpya alikuwa ameifuta mwezi uliopita, kwa adabu zote: alimwandikia profesa barua pepe tatu akieleza kwamba mfumo mpya unatumia saa za mashine, na kama ana pingamizi aseme. Zote tatu zilikuwa kwenye sanduku lake la barua, hazijafunguliwa. Kwa hiyo nane yake ilikwenda kama nane ya mashine. Simu ya binti ilimwambia saa mbili asubuhi, naye akaomba ruhusa kutoka zamu ya usiku kabla haijaisha, akapanda basi la kwanza.

Alimpigia palepale. Simu ikaita sana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa ulikuja."

"Nilikuja. Usijali, baba. Sikukasirika. Nimezoea."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Profesa akaanza kueleza kama anavyojua kueleza, tangu mwanzo: saa za mashine, tofauti ya saa sita, mistari iliyofutwa, fundi. Binti alimsikiliza mpaka mwisho. Kazi yake ilimfundisha kuwasikiliza watu wanaozunguka maumivu bila kuyataja.

"Kwa hiyo ni kosa la kompyuta," akasema.

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea, uko wazi kabisa, na profesa aliuona. Angejibu ndiyo, wangecheka kidogo, wangeulizana mvua, maisha yangeendelea hadi sikukuu nyingine.

"Hapana," akasema. "Ni langu. Ulisimama mlangoni kwangu."

Upande wa pili ikasikika sauti ikimwita. Kisha binti akasema anaitwa wodini, wataongea. Ukurasa wa ishirini ulikuwa bado mfukoni, na neno lake bado halijasemwa.

Kesho yake alikwenda kwenye mlango wake na kubandua ile karatasi. Ikachanika vipande kwa uzee, gundi ikabaki. Akapiga simu hospitali kuuliza zamu, kama mtu baki, akaambiwa muuguzi huyo keshokutwa yuko zamu ya asubuhi, atatoka saa nane mchana.

Siku ilipofika akapanda basi la kwanza. Saa mbili asubuhi alikuwa ameketi kwenye benchi la wagonjwa wa nje, koti lilelile, mikono magotini. Simu aliiacha nyumbani, na hakubeba kitabu. Karani wa mapokezi alimuuliza anaumwa nini. Akasema haumwi, anamsubiri mtu. Karani akamuuliza kama amwite. Akasema hapana, yuko kazini, atatoka saa nane. Karani akatazama ukutani, akamtazama mzee, akasema bado sana. Akajibu kwamba anajua.

Ngojangoja huumiza matumbo. Alijua sasa inaumiza na mgongo. Benchi lilijaa likapungua, likajaa tena. Watu walisogea kutoka nafasi moja hadi nyingine kuelekea mlango wa daktari, naye akawa anawapisha na kurudi mwisho. Saa nne alitamani kuondoka. Saa sita alimfikiria mtoto wa miaka tisa juu ya sanduku, akihesabu magari yasiyo ya baba yake, na akaelewa kwa mwili jambo ambalo kwa miaka thelathini alikuwa akilielewa kwa kichwa tu. Akainamisha uso. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akampa karatasi ya kujifuta bila kumuuliza.

Saa nane na dakika chache binti alitokea kwenye korido, mkoba begani, anaongea na mwenzake. Akamwona. Akasimama. Mwenzake akaendelea na safari yake peke yake.

Alikuja taratibu, akaamkia, akasimama mbele yake kama anayempima mgonjwa.

"Umefika saa ngapi, baba?"

"Saa mbili."

"Asubuhi?"

"Asubuhi."

Binti akainua macho kwenye saa ya ukutani, ile ya mishale, kisha akamtazama tena. Profesa alitia mkono mfukoni kutoa ukurasa wake, akaukuta umelowa jasho, wino umesambaa, hakuna kinachosomeka.

"Samahani," akasema, bila karatasi.

Binti hakusema amesamehe. Alishusha mkoba begani, akautazama ule mwisho wa benchi ambako baba yake alikuwa amekaa kutwa.

"Sogea kidogo," akasema, akaketi.