Kasa Waliojua Nani Kakojoa Mtoni

Nilipokuwa mdogo niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba kasa wa baharini humjua kila mtoto anayekojoa kwenye mto wa kwetu Uluguru. Bibi ndiye aliyetuambia: maji yetu yanateremka mpaka Ruvu, Ruvu inamwagika baharini, kasa wanaonja, na siku mwenye mkojo akiingia humo wanamng'ata. Mimi nilikuwa nimeshakojoa mtoni mara elfu kumi, kwa uchache.

Juzi jirani yangu hapa Kilakala alinionyesha video ya kasa kwenye simu, nikajikuta nimekunja miguu. Nilijiona tena kwenye boti ndogo ya mjomba wangu aliyehamia pwani, harufu ya petroli na samaki ikinijaa puani, mawimbi yakipiga kofi ubavuni. Binamu yangu Zuhura alikuwa majini tayari, miwani usoni, mrija mdomoni. Mimi nilihama upande huu na ule mpaka boti ikayumba.

"Kaa, au ruka," alisema Mjomba. "Kesho unarudi mlimani, bahari hutaiona tena."

Nilitamani kuruka kuliko kula. Ndipo kasa mkubwa kama meza akaibua kichwa, akanitazama mimi peke yangu. Nikalia, nikaungama yote, hata ya wiki ile ile.

Mjomba alinivalisha miwani taratibu.

"Kasa anakula majani ya bahari, hamjui mtu. Bibi yako anachota maji ya kunywa chini ya hapo mnapokojoa."